Babu Filipo Aliyetii Kila Misheni

Makole, Dodoma.

Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo namsifu nikiwa nimekunja ndita, maana harusi yangu na Paulina imesimamishwa na marehemu.

Siku ya kikao cha mahari nilijigamba kwamba Filipo, baba yake babu yangu, alifunga ndoa kanisani Mpwapwa enzi za Mwingereza. Nikaonyesha picha ya ukurasa wa kitabu cha ndoa, niliyoipiga mwenyewe kwa simu. Baba mkubwa wa Paulina, Mzee Fabian, hakukubali kushindwa. Naye akatoa picha ya babu yao Abeli, aliyefungia ndoa misheni ya upande wa Kondoa.

Tukaziweka pamoja mezani. Majina mawili, lakini mahali pa saini pana alama ileile ya kuchomea ng'ombe: pembe mbili na nukta katikati. Mgogo anaweza kukana jina lake, Baba, lakini ng'ombe wake hakani. Wazee wakaguna. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, kikao kikavunjika hata wali haujaiva.

Kwa hiyo nalalamika:

1. Kila padre alimwambia Filipo, au huyo Abeli, awe mume wa mke mmoja, naye akatii kila misheni. Mtu mtiifu kiasi hicho mlimbatiza mara mbili kwa nini?

2. Nawalalamikia mchwa. Wamekula paa langu, wamekula na cheti changu cha darasa la saba, lakini vitabu vya ndoa hawakuvigusa.

3. Naomba Kanisa libatilishe ndoa ya Abeli, ili Paulina asiwe ndugu yangu. Ikishindikana, batilisheni ya Filipo, ili mimi nisiwe ndugu yake. Ikishindikana hata hiyo, mfuteni Filipo mwenyewe. Najua nitafutika naye, lakini nitakuja kanisani hivyohivyo.

Wazee wanasema damu haifutiki. Sawa, lakini mbona wameijulia kwenye wino?

Nampenda Paulina, Baba. Juzi tulikutana sokoni, akaniita kaka mbele ya wauza nyanya. Nilirudi nyumbani nikalia. Mimi tabia za Filipo sina hata chembe. Ni mtu wa mwanamke mmoja, muulize yeyote hapa Makole.

Nisalimie katekista, wanakwaya wote na mama anayetandika altare. Mzee Fabian usimsalimie.

Mwanao katika Kristo, na katika ukoo ambao sikuuomba,

Matonya

(Hapo chini nimechora pembe mbili na nukta. Ndiyo saini yangu, hata benki wanaijua.)

N.B. Karani wa parokia ya kule Makutupora akikupigia kuhusu kijana aitwaye Gerson, atakayefunga ndoa na Ruthu baada ya mavuno ya zabibu, mwambie humfahamu. Na akikuletea fomu yake, nakuomba sana Baba, usiiweke karibu na barua hii.