Malalamiko ya Dobi Aliyewekewa Kichwa cha Pasi

Kwa Mbunifu wa Wahusika,
Kampuni ya Magemu ya Simu,
Ghorofa ya Tatu, juu ya duka la miwani.

Ndugu Mbunifu,

YAH: MHUSIKA WENU AITWAYE "MAMA PASI"

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dobi mwenye duka langu, na pia ni mama yako mdogo, lakini kwa leo naomba undugu tuuweke kando tuheshimiane kiofisi.

Ulikuja dukani ukakaa kwenye kiti cha wateja siku nzima, unachora. Nilipokuuliza unachora nini ukanijibu, "Kazi tu, mama mdogo." Nikakukatia na tikiti maji. Sasa gemu limetoka, mtaa mzima unalicheza, na mimi nimo ndani: mwanamke wa makamo, aproni yangu ya kijani, ndala zangu, na juu ya shingo, mahali pa kichwa, pasi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Pasi yenyewe ni ya mkaa. Kuwa na kichwa cha pasi naweza kuvumilia, mtu hachagui sura. Lakini natumia pasi ya mvuke mwaka wa sita huu, na mteja wangu mmoja, mwalimu wa hesabu, ameniuliza kwa upole kama mashati yake yatarudi na masizi.

2. Mama Pasi anaua majitu kwa kuyatazama juu ya miwani kwa sekunde nne. Mume wangu atakuthibitishia kwamba mbili zinatosha. Tena miwani hiyo imeshikiliwa na nini, ilhali pasi haina masikio, hamkueleza.

3. Sauti ni yangu. Kila akipigwa anasema, "Nani kaacha mlango wazi?" Maneno hayo uliyarekodi bila idhini. Siku hizi wateja wanaacha mlango wazi makusudi, kisha wanasimama kaunta wananisubiri. Nilijizuia siku tisa. Ya kumi nikasema. Walipiga makofi, na mmoja akaomba nirudie kwa ajili ya mkewe aliyekuwa kwenye simu.

4. Baba yako mdogo, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hajaokota shati sakafuni, anamvusha Mama Pasi kwenye matope huku akimwambia, "Pole mama, twende taratibu." Mimi sijawahi kuambiwa twende taratibu. Ama niambiwe na mimi, ama mhusika wenu atafutiwe mume wake.

5. Hili ndilo zito. Adui wa mwisho ni gauni la bluu lenye alama ya kuungua mgongoni. Wewe unajua, na mimi najua, ni gauni la nani. Mama yako, dada yangu wa tumbo moja, alinipa nimpigie pasi asubuhi ya sherehe yake ya kustaafu. Simu ikaita, nikapokea. Nilimweleza kwamba kitambaa kilikuwa feki. Akasema, "Kitambaa hakikupokea simu." Hatujazungumza mwaka mmoja na miezi minne. Kesi hiyo bado inaendelea, na kuisambaza kwenye simu za watu kabla ya hukumu ni kuingilia mahakama.

Isitoshe, gauni lenyewe halishindiki. Kwa ajili ya uchunguzi tu, nimelitazama juu ya miwani, nimelirushia makaa, nimelikunja mara nne likajikunjua. Nimekufa mara thelathini na moja. Hakuna raia anayestahili kuuawa na nguo mara zote hizo.

Kwa hiyo nadai Mama Pasi afutwe ndani ya siku saba. Kabla ya kufutwa apewe likizo ya wiki mbili, kwa kuwa gemu zima hajakaa hata mara moja, na barua yake ya kuachishwa kazi iandikwe kwa lugha ya staha, nakala nipewe mimi. Mkikataa, nitapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu niwatazame mmoja mmoja.

Nisalimie wenzako wote, hasa yule mrefu anayechora miguu, na mlinzi wa chini, mwambie shati lake liko tayari. Baba yako mdogo anakusalimu sana. Yuko hatua ya saba.

Ni mimi, kwa masikitiko yaliyonyooshwa vizuri,
Dobi.

N.B. Bahasha nilishaigundisha, nimeichana. Mama yako amepiga simu sasa hivi. Hakusalimia. Alisema, "Nasikia unahangaika na gauni. Halipigwi lile. Simama mbele yake, bonyeza kitufe cha chini kabisa." Mimi nilidhani ni cha kuzima sauti. Nikabonyeza. Mama Pasi akainamisha pasi yake akasema, "Samahani," kwa sauti yangu, na sijui uliipata wapi, maana sikumbuki kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Gauni likajikunja lenyewe, likatulia. Mama yako akauliza, "Huyo ni wewe au ni gemu?"

Nikamwambia ni mimi.

Anakuja Jumamosi na mfuko wa nguo ambazo hazijapigwa pasi tangu mwaka jana. Mama Pasi asiguswe hata uzi wa aproni. Madai ya hapo juu yasome, lakini yasome kama ya mtu mwingine.