Wadi Isiyo na Kosa

Jumatatu, 3 Machi
Iandikwe na vizazi vijue: leo, saa mbili na robo asubuhi, nimekabidhiwa daftari. Kurasa mia mbili, jalada la bluu. Mganga Mkuu amegawa moja kwa kila wadi. Kila kosa liandikwe, hata dogo, eti hospitali ijifunze. Ijumaa wakaguzi watayasoma, ndipo ateuliwe Mratibu wa Ubora. Mratibu ana ofisi. Ofisi ina mlango! Mimi, muuguzi mkuu wa wadi ya wanaume kwa miaka kumi na moja, meza yangu iko nyuma ya pazia.
Hesabu nyepesi. Asiye na kosa ndiye mshindi. Daftari nimelifungia kabatini.

Jumanne, 4 Machi
Nimepita wadi ya wanawake kwa kisingizio cha kuazima gundi. Mkuu wao, tunayemwita Chuma, ameshaandika makosa tisa. Kwa mkono wake! Dawa zilizochelewa, godoro lililolowa, mpaka yeye mwenyewe kusahau kunawa. Nikampa pole. Akanijibu pole hizo nizihifadhi, kaka yangu, nitazihitaji, na gundi niirudishe. Maskini. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Baba mkwe kalazwa kwangu. Presha. Kitanda cha sita. Mke wangu kasema mzee akipata hata mkwaruzo, nibaki hukohuko wadini.
Mchana mzee kameza dawa ya usingizi ya kitanda cha tisa. Kibao cha namba kinashikwa na msumari mmoja; kimepinduka, 6 ikawa 9. Nesi wa zamu akataka daftari. Nikamuuliza, tulichafue kwa ajili ya usingizi? Mzee anakoroma vizuri tu. Kibao nimekigeuza kwa kidole. Kimekaa.

Alhamisi, 6 Machi
Hakikukaa. Zamu ya asubuhi, isiyoambiwa kitu, imempa mzee dawa ya kuharisha ya mgonjwa wa kitanda cha tisa, anayesafishwa tumbo kwa ajili ya kipimo. Safari kumi na moja chooni! Presha ikaporomoka mpaka daktari akaja mbio. Sasa mzee ana dripu. Amenitazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba mahari hairudi, lakini binti hurudi.
Nimempigia mke wangu asije leo. Nimemwambia wadi inapakwa rangi.

Ijumaa, 7 Machi
Wakaguzi watatu. Wameanza kwa Chuma: makosa thelathini na moja! Nilisimama nyuma yao nikiuma midomo nisicheke. Wakampongeza. Eti pembeni mwa kila kosa kuna alichorekebisha. Kumbe Jumatatu kibao chao kimoja nacho kilipinduka. Akaandika. Jioni ileile vyote vikapigwa msumari wa pili.
Kwangu wakafungua kurasa nyeupe. Wakauliza, wiki nzima hakuna hata moja? Nikasema hakuna, kwa unyenyekevu. Baba mkwe akainua mkono wenye dripu, akaomba kuongea. Ameongea dakika ishirini.

Jumatatu, 10 Machi
Chuma ndiye Mratibu. Mzee kapona, amerudi kwake, na mke wangu amekwenda naye. Mimi nimehamishiwa stoo ya mashuka. Uonevu mtupu! Lakini kuanguka si kufa. Huku nako kuna daftari, na huku hakuna baba mkwe. Mwezi huu wataona wenyewe stoo isiyo na kasoro.
Mashuka yanatakiwa kuwa mia tatu. Nimeandika mia tatu. Yapo mia mbili themanini na sita.