Wito Wangu Katika Duka la Kashata

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Mama Naima, mwenye duka, Jumapili anakwenda Busi kumwoza binti yake. Wiki tatu! Ufunguo ataachiwa yule ambaye wateja wanampenda zaidi: mimi au Hilda. Nilimtazama Hilda kwa huruma. Ana miezi minane tu hapa. Mimi nina miaka kumi na moja ya kupima ubuyu, visheti na kashata, na asubuhi nimesikia redioni kwamba kumhudumia mteja ni wito. Kumbe nina wito! Siku zote nilidhani ni mgongo unauma.

Mpango: heshima. Kuanzia kesho kila anayeingia anapata shikamoo, bila ubaguzi.

Jumanne, 5 Agosti

Wanafunzi wa sekondari waliitikia marahaba, mjukuu wetu, wakadai nyongeza kwa kuwa wao ni wazee. Nikawapa. Akaja Angelina wa ofisi ya jirani, tunalingana umri. Nikamwamkia kwa kuinama kabisa. Aliuliza kama ni yeye aliyenizaa. Ubuyu nusu kilo ukarudi kwenye ndoo. Hilda akamwita mrembo, akaondoka na kilo nzima!

Mchana aliingia bibi mmoja kutoka Haneti, miguu vumbi tupu. Nilimkalisha kwenye kigoda changu nikampa maji, asije akayaangukia makopo ya visheti. Akanunua kashata moja. Moja! Kisha nusu saa ananisimulia mbuzi wake. Nusu saa ya wito imepotea bure.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegundua kosa. Heshima inazeesha! Mteja anataka ujana. Leo kila aliyeingia alikuwa kijana, na kila kijana alipata mambo vipi. Kigoda nimekitupa stoo, maana vijana hawakai. Angelina alicheka, akanunua kilo mbili. Ushindi!

Jioni mzee mmoja wa kanzu na bakora alisimama mlangoni akihema. Nikamwambia mambo vipi, kijana wangu, leo umependeza. Alinitazama sana. Akauliza kiko wapi kile kigoda anachosikia kinasifiwa sokoni. Nikamjibu kwamba kukaa ni kwa wazee, yeye bado ana nguvu. Akasimama robo saa, ameegemea bakora, mpaka Mama Naima alipotoka nyuma na kumpa shikamoo kaka.

Mzee Hamza. Kaka yake mkubwa. Amekuja kumchukua kwenda harusini.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Naima aliniita pembeni. Alisema yule bibi wa Haneti amenisifia soko zima, na watu wamekuwa wakija kumuulizia mwenye kigoda. Tangu Jumatano, alisema, ufunguo ulikuwa wangu.

Ulikuwa!

Sasa ni wa Hilda. Mimi nahamia jikoni kukoroga sukari. Nimeumia, sifichi. Nilikuwa nimeshanunua kamba ya kuuvalia shingoni.

Jumapili, 10 Agosti

Hilda amefungua duka, na cha kwanza amekirudisha kigoda. Mwigaji! Bibi wa Haneti akaja, lakini hakukaa dukani. Aliuliza niko wapi, akakibeba kigoda mwenyewe mpaka jikoni, akaketi karibu na sufuria yangu. Nikampa kashata ya moto. Mbuzi wake mmoja amezaa mapacha. Tulicheka sana. Nilijisikia vizuri ajabu, moyo mwepesi kabisa. Nadhani ni mvuke wa sukari.

Lakini kazi ni kazi. Jikoni kuna kidirisha kinachotazama kaunta. Kuanzia kesho kila mteja atasikia sauti yangu ikimwita Mheshimiwa! Huu ni mji wa Bunge, nani hapa atakataa? Hilda atanikabidhi ufunguo kabla ya Ijumaa.

Bibi aliuliza kama aje tena Jumanne, tukae. Nikamwomba radhi, nikamwomba pia asimame kidogo. Kidirisha kiko juu, nilitaka kupima kama nikipanda juu ya kigoda nitakifikia.

Nakifikia!