Kanga Watatu na Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimedanganya! Na nimedanganya vizuri, karibu nijiamini mwenyewe.

Bonaya, mwenye hoteli hapa Kiwanjani, Isiolo, anapikia arusi ya Fardowsa Jumamosi. Bwana arusi hataki kuku. Anataka kanga, wale ndege wa madoadoa, wa mfugaji wa Rapsu mwenye kibali. Sisi wanawake tulikuwa tunachota maji nyuma ya hoteli, Bonaya akatoka akauliza nani anajua kunyonyoa kanga. Karambu akainua mkono. Karambu wa sokoni, anayenyonyoa kuku kama mtu anamenya ndizi! Mkono wangu nao ukapanda. Nikasema nimenyonyoa kanga tangu nikiwa mdogo, kijijini kwetu Kipsing.

Kanga nimemwona mara mbili. Mara zote mbili alikuwa anakimbia.

Lakini Bonaya atatujaribu wote wawili, atakayeshinda anapata kazi ya kudumu jikoni, na amesema mtoto anaruhusiwa. Anaruhusiwa! Sasa nikienda kufulia watu nguo namwacha Ewesit kwa jirani. Ana miezi saba. Analia mpaka sauti inaisha. Nikirudi ananishika gauni, haachilii hata akilala.

Lazima nishinde.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempigia mama simu. Alicheka kwanza. Kisha akasema maji ya kanga yasichemke. Tumbukiza kidole, hesabu mpaka tatu. Ukishindwa kufika tatu, moto umezidi, ngozi itatoka pamoja na manyoya. Na nyongo usipasue, nyama yote itakuwa chungu.

Akauliza uwongo huu nimerithi kwa nani. Nikasema kwa baba. Akakubali.

Jioni Bonaya ametugawia kanga, watatu kwangu, watatu kwa Karambu. Wazima, wanapiga kelele kama bawaba yenye kutu. Kesho saa nne tupeleke wakiwa safi, awaweke kwa friji mpaka Jumamosi. Mpango wangu: nianze alfajiri, Karambu akiamka akute nimemaliza. Akili!

Jumatano, 5 Novemba

Saa kumi na moja asubuhi nilikuwa nimeshika kisu. Kumi na moja na nusu, kanga wote watatu wamelala, hawatapiga kelele tena.

Nikachungulia kwa ua. Karambu anatoka na kanga wake kwa gunia, wazima bado, anaelekea upande wa msikiti. Nilicheka peke yangu. Mwenzangu anatembeza ndege badala ya kuwanyonyoa!

Kanga wa kwanza: Ewesit alikuwa analia mgongoni, nikahesabu tatu haraka haraka. Nikavuta manyoya. Mungu wangu! Ngozi ya kifua ikatoka nzima, kama soksi. Nilikaa chini. Kisha nikachukua sindano na uzi mwekundu wa shanga, nikamshona.

Wa pili na wa tatu nilihesabu polepole. Manyoya yakatoka kama yalikuwa yananingoja. Nikawababua kidogo juu ya moto, nikatoa matumbo, nyongo sikupasua. Walikuwa wazuri, nikamwonyesha Ewesit. Akacheka!

Saa nne, kwa Bonaya. Akageuza kanga wangu, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Akafika kwa yule wa uzi. Akauliza hii ni nini. Nikasema ndivyo tunavyofanya Kipsing, mchuzi usivuje. Akaamini! Karambu akakohoa.

Halafu Bonaya akauliza nani amechinja. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!

Bonaya akamweka kanga chini.

Nikamwona Mzee Waqo, anayechinjia hoteli zote, amekaa pale na chai yake. Nikakumbuka Karambu na gunia. Nikakumbuka arusi ni ya nani. Ooh! Nimezaliwa Isiolo! Miaka ishirini na tatu nanunua nyama iliyochinjwa na Mwislamu, leo mimi, Akolong wa kanisani, naamka gizani na kisu changu!

Bonaya hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliniua. Alisema tu, "Mama Ewesit, beba ndege wako. Wageni wangu hawawezi kuonja hata supu."

Nimelia njia nzima. Ewesit naye akalia, kunisaidia.

Alhamisi, 6 Novemba

Tunakula kanga. Mume wangu Lomuria ametoa uzi mwekundu katikati ya meno, akaniangalia. Akaendelea kula. Ana roho nzuri.

Jioni Karambu akabisha mlango. Nilidhani amekuja kunicheka. Alinicheka, ndiyo. Alisema mji mzima ungesikia, lakini amewaambia wawili tu. Halafu akasema Bonaya ameagiza kanga wengine watatu, na mikono yake haitoshi. "Kunyonyoa unajua, wewe. Njoo na huyo mtoto. Lakini kisu usiguse, na mdomo ufunge." Amemwomba Bonaya kwa niaba yangu. Karambu! Nilishtuka kuliko Jumatano.

Jumamosi, 8 Novemba

Arusi! Mzee Waqo alichinja, sisi tukanyonyoa. Sikupasua ngozi hata moja. Ewesit alilala juu ya gunia la manyoya, unyoya wa madoadoa umeshika kwa shavu lake, sikuutoa. Mara ya kwanza nimefanya kazi nikimsikia anapumua.

Baada ya pilau Bonaya akasema tubaki wote wawili. Wote wawili! Nilikuwa nataka kumshukuru tu, basi, nirudi nyumbani.

Lakini akaongeza kwamba Desemba kuna mgeni anataka mbuni mzima, kutoka shamba la wafugaji. Akauliza kama kuna mtu amewahi kunyonyoa mbuni. Karambu akaangalia chini. Akanikanyaga mguu, akakanyaga tena.

Mkono ukapanda. Tangu nikiwa mdogo, nikasema.

Mzee Waqo nimeshamwambia alete kisu kirefu, kwa hiyo hapo hakuna shida. Imebaki sufuria. Na maji. Kwa kanga mama alisema kidole. Kwa mbuni naona nitatumbukiza mkono mzima.