Kuku Aliyeimba Sauti ya Tatu

Leo nimeumbuka hapa Ibighi, mbele ya mama mwenye nyumba na dereva wa bajaji, tena nikiwa nimefumba macho.

Mnamjua Sajenti, mbwa wangu. Mwenye nyumba wangu wa zamani anakitaka chumba chake, na mwisho ni leo. Nimezunguka Tukuyu wiki tatu. Kila ninapokwenda wananipenda (fundi cherehani, mwanakwaya, sinywi), nikitaja mbwa tu wanakumbuka kwamba chumba kimeshachukuliwa. Mmoja alinishauri nikamwache Sajenti kijijini Kisiba. Usiku ule sikulala.

Kwa hiyo kwa Mama Atupele, mjane anayepangisha vyumba viwili nyuma ya migomba, sikutaja mbwa. Nilipanga nimwingize kwanza, maelezo baadaye. (Akili zangu mnazijua.) Asubuhi nikamtia Sajenti kwenye tenga, nikafunika kitenge, nikapakia kwenye bajaji pamoja na cherehani. Akatulia utadhani anajua shida zetu.

Mama Atupele alitupokea barazani, ufunguo mkononi. Akaliangalia tenga.

"Umebeba nini humo, mwanangu?"

"Kuku, mama."

(Sijui neno lile lilitoka wapi.)

"Haya. Kwangu mtu haingii nyumba bila maombi. Tuanze na wimbo. Si ulisema unaimba kwaya?"

Nikifanya mazoezi ya kwaya nyumbani, Sajenti hukaa pembeni, na nikianza tu naye hupandisha sauti. Nikaamua kuimba kwa kunong'ona.

"Mbona hausikiki?"

"Koo, mama."

"Toa sauti, unamwimbia Mungu."

Nikatoa. Tenga likajibu: "Auuuuu!"

Nikakaza kufumba macho. Nilipochungulia, dereva alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mama Atupele hakukatisha. Akaanza ubeti wa pili akiwa ameliinamia tenga, na Sajenti akamfuata mpaka mwisho.

"Kuku wako anaimba sauti ya tatu," akasema. "Sasa wewe funga maombi. Mwambie Mungu kilichomo humo."

Jamani. Nikainamisha kichwa. "Ee Bwana, wewe unajua. Kwenye tenga mna mbwa."

"Amina," wakaitikia wote wawili.

Nikabeba cherehani kuirudisha kwenye bajaji.

"Unakwenda wapi?"

"Naondoka, mama. Nisamehe. Siwezi kumwacha."

"Mbwa anabaki. Yeye hajaniongopea. Ninayemfikiria ni wewe."

Akanifikiria kweli, muda mrefu, mimi nimesimama na cherehani kifuani. Halafu akafunua kitenge mwenyewe, akamkuna Sajenti shingoni. Akasema mbwa wake alikufa masika, na tangu siku hiyo akiimba asubuhi anaimba peke yake. Ndipo akanipa ufunguo. Nilitaka kusema mengi, ikatoka "ndaga fijo, mama", asante sana, basi, na machozi yakanilengalenga. Akatuletea ndizi za kuchemsha. Sajenti alipakuliwa kwanza.

Naandika haya chumbani kwetu, yeye kalala miguuni. Nashukuru kuliko ninavyoweza kueleza. Wiki tatu za kufukuzwa, kumbe palikuwa na mtu mmoja wa kuambiwa ukweli, na huyo ndiye niliyemdanganya.

Alhamisi jumuiya inasali hapa barazani. Mama amemwalika Sajenti aje kuimba. Mimi nimeambiwa nimsindikize, na kama koo bado linanisumbua, si lazima nitoe sauti.