Mtungi wa Kwanza Kwenye Mlango wa Ofisi ya Wodi

Mercyline Nyongesa,
Kidato cha Tatu,
Upande wa pili wa pazia,
Kamere, Naivasha.
Ijumaa.

Kwa Mwenyekiti wa Tawi la Chama,
Upande wa kwanza wa pazia.

Ndugu Mwenyekiti, na pia Baba,

MINT: MITUNGI KUHARIBU KAMPENI

Kabla sijalalamika, kuna jambo sijamwambia mtu, hata Akoth ambaye huwa namwambia kila kitu. Mtungi wa kwanza haukuwa wa Mama. Ulikuwa wangu. Mama alipouona ule mfuniko wetu mwekundu alijua ni mimi, akasema ni yeye. Tangu hapo ni siku kumi na moja hamjasemezana. Mnatuma ujumbe kupitia Levis, ambaye ana miaka sita na hufikisha nusu. Jana alikuambia, "Mama amesema chai," akaishia hapo, akaenda kucheza.

Nilianza barua hii kwa Kiingereza ikatoka kama ya kuomba kazi ya kuchuma maua. Kusema mbele yako siwezi, unanijua, hata mwalimu akisoma rejista nikiitwa natoka jasho. Kwa hivyo nakuandikia kama mwanachama mtarajiwa. Kitambulisho nitapata mwaka wa 2028, uchaguzi ukiwa umeshanipita.

Mambo yalikwenda hivi. Mfereji ulikuwa umekauka wiki ya tano, na watu bado waliacha mitungi yao pale kwenye laini. Hapa kwetu mtungi ukishakaa kwenye laini ni mtu kamili. Unaweza kwenda kazini, kanisani, hata kujifungua, ukirudi nafasi yako iko. Asubuhi nikienda shule nikaona bango lenu kwenye ukuta wa ofisi ya wodi: MAJI KWA KILA NYUMBA. Nikawaza, kama maji yako ofisini, basi laini inafaa ianzie ofisini. Nikaweka mtungi mlangoni nikakimbia. Hayakuwa maandamano. Maandamano siyawezi, yana kelele. Lakini mtu wa Kamere hawezi kuona mtungi umesimama peke yake asiweke wake nyuma. Chelagat anayeuza mboga akaweka wa pili. Wa tatu nitaurudia. Kufika saa sita mitungi ilikuwa mia moja na arobaini, imevuka barabara hadi upande wa pili, na saa sita ndiyo msafara wa mgombea wenu ulifika.

Malalamishi yangu ni haya:

1. Mitungi haikuzingatia itifaki. Haikuimba, haikupiga makofi, na hakuna hata mmoja uliosogea kumpisha Mheshimiwa. Alimwomba dereva wake, Kiptanui, asogeze mitatu tu gari lipite. Kiptanui amepanga nyumba nyuma yetu, anajua mambo. Alishuka, akaiangalia laini mwanzo mpaka mwisho, akarudi akafunga mlango. "Mtungi wa mtu hausogezwi, Mheshimiwa," akasema. "Hata ukiwa tupu. Hasa ukiwa tupu." Mgombea akakaa kwenye jua kwa muda wa saa mbili na nusu. Mara ya mwisho alipokaa Kamere muda mrefu hivyo sijui kama ilikuwepo.

2. Mitungi iliiba ahadi. Mfereji ule umeahidiwa mwaka wa 2013, 2017 na 2022. Ilikuwa ahadi nzuri, imetunzwa vizuri, haijatumika. Mheshimiwa alipiga simu mbili tu akiwa ndani ya gari, jioni bauza la maji likaja likajaza mitungi pale pale mlangoni kwa mpangilio wake, na siku ya tatu fundi akaja na kifaa kwenye mfuko wa shati. Dakika arobaini, pampu ya mfereji ikanguruma. Sasa mwaka ujao mtasimama juu ya gari mseme nini? Mkisema maji, watu wataangalia ndoo zao. Chama kimepoteza mali kwa dakika arobaini.

3. Sasa watu wana shughuli. Zamani mkiitisha mkutano, akina mama walikuwa tayari wamekaa pale kwenye mfereji mkavu, mnasogeza tu spika. Sasa wamerudi kwenye mboga na samaki. Chelagat amesema ukitaka aje kuvaa tisheti, umpe taarifa siku mbili mbele.

4. Ugonjwa unasambaa. Wazazi wa shule ya msingi wanataka kupanga madawati mabovu nje ya ofisi ya elimu. Kiptanui anasema madereva wa malori kule Salgaa wameuliza kama tairi zilizopasuka zinaweza kushika laini kwa ajili ya barabara. Wakulima wa Ndabibi wanafikiria kabichi. Ikiendelea hivi, Baba, kufikia Agosti mwaka ujao watu watakuwa na maji, madawati na barabara, na uchaguzi utabaki wa kuchagua tu. Nani ataamka alfajiri kwa jambo hilo?

Naomba basi tawi lipitishe kwamba pampu iharibiwe tena kwa adabu, ikae hivyo mpaka wiki mbili kabla ya kura, kisha Mheshimiwa akate utepe. Likishindikana hilo, mitungi iandikishwe kuwa wapiga kura. Inajitokeza mapema, haichoki na jua, na mpaka sasa hakuna hata mmoja uliochukua tisheti za vyama viwili.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini kuna neno ulisema jioni ile, na nikiliacha nitakuwa nimedanganya kwa kunyamaza. Ulimwambia Mama, "Mtungi utaleta fundi mara moja. Bajeti ya mwaka ujao italetwa na mtungi?" Nimelifikiria darasani, nimelifikiria nikifua. Ni kweli lazima mtu awe amekaa ndani kule wakigawa, aseme Kamere, na mtu huyo hafiki pale bila watu kama wewe kutembea nyumba kwa nyumba na viatu vimeisha soli. Pampu ile itaharibika tena, na kifaa kile ni cha kununuliwa.

Mama naye akakuuliza kura zako za miaka yote hiyo zimejaza ndoo gani. Naona nyote mna haki, na hiyo ndiyo shida, kwa sababu mwenye makosa angeomba msamaha yaishe. Badala yake mimi nalala karibu na pazia letu, lile bango la kampeni iliyopita ulilotundika chumba kimoja kiwe viwili. Upande wangu umeangukia sikio la Mheshimiwa. Nawasikiliza mkinyamaza, mimi na hilo sikio, na ni mimi peke yangu ninayesikia.

Kwa hivyo lalamiko la kweli ni moja, nalo linanihusu mimi. Nilikosea, nikaacha Mama abebe. Kama kuna adhabu ya chama, niandikie mimi. Kama ni ya nyumbani, pia mimi. Ila Mama umsemeze.

Nasikia gambuti zako za kazini. Unakung'uta matope pale kwenye jiwe, mara tatu kama kawaida. Siku kumi nimekuwa nikisikia hivyo naingiza karatasi hii kwenye daftari la Fasihi, daftari chini ya godoro. Leo naiacha hapa mezani, kalamu haijafunikwa.

Nisalimie wanachama wote wa tawi, walio hai na walio kwenye rejista tu. Nisalimie Mheshimiwa na umwambie pole ya jua. Nisalimie pia Mama. Yuko hapo jikoni, hatua tatu, na hizo salamu usimtume Levis.

Ni mimi mtoto wako, mwenye mfuniko mwekundu,

Mercyline.

Tanbihi: Kuhusu ule mtungi wa tatu. Ni wa buluu, karatasi ya chama imebanduliwa kwa kucha, na chini una kiraka ulichoyeyusha kwa kisu cha moto Krismasi iliyopita. Chelagat anasema uliwekwa kabla ya saa moja, na mtu wa gambuti aliyekuwa anakimbilia zamu. Bauza lilipokuja liliujaza, naye akauacha pale barazani pa ofisi. Mpaka leo umejaa, kwa sababu mtungi wa mtu hausogezwi, na mwenyewe huupita kila asubuhi akiangalia upande wa pili. Nilikuwa najiuliza hizi haya zangu nimezirithi kwa nani. Ni lita ishirini, Baba. Ukiona aibu kuubeba peke yako, twende tushike wote.