Mguu Wangu Ulitangulia Sebuleni

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, tena mbele ya mtu aliyekuja kununua nyumba. Nawasimulia mwenyewe kabla shangazi hajawasimulia kwa namna yake.

Mnajua tunauza nyumba ya baba hapa Baraka, kando ya ziwa. Mama alishahamia Lulimba kwa dada yangu mkubwa, analima, hataki kurudi. Nyumbani tumebaki mimi na shangazi Asende. Wanunuzi wawili wameshakuja, wakaangalia juu, wakaona alama za maji kwenye plafon, yaani dari, wakaaga.

Dada akanipigia simu: "Wilo, tafuta fundi ya kweli atengeneze manjanja." Ndiyo mabati ya paa, yamejaa matundu.

"Fundi ya nini? Mi niko hapa!" (Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.)

Wiki iliyopita akauliza tena. Nikamwambia nimemaliza. Na shangazi nikamwambia hivyo hivyo. Sikuwa nimegusa hata bati moja.

Basi leo. Mama Bahati, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Misisi, alinipigia kusema atafika saa tisa alasiri. Muda tele! Saa nne asubuhi nikaazima ngazi kwa jirani. Shangazi nikamwambia napanda kukagua tu. Nikavaa kaptula yangu ya kazi (nyuma imechanika, lakini nani ataniona huko juu?), nikapenya kwenye kitundu cha dari pale koridoni, mkononi kopo la gudroni, ile lami nyeusi ya kuzibia mabati.

Jamani, huko juu ni tanuri! Na unatembea juu ya mbao tu. Ukikanyaga triplex, ule ubao mwembamba wa plafon, umekwisha. Nikaziba tundu la kwanza. La pili. La tatu likatoka zuri mpaka nikajipongeza. Ndipo nikasikia pikipiki inazima mlangoni.

Saa tano! Kumbe barabara ya Misisi leo ilikuwa kavu.

Shangazi akaja mbio chini ya kitundu, akanong'ona: "Wilo! Mama ya Misisi amefika! Usishuke na hiyo kaptula. Kaa kimya kabisa!" Kabla sijajibu, akabeba ngazi, akaenda kuificha nyuma ya nyumba.

Huyo ndiye anayeimbisha kwaya ya bamama kanisani.

Nikajilaza juu ya mbao kama mjusi, nikasikiliza. Mama Bahati alipita chumba kwa chumba. Anagonga kuta. Anafungua madirisha. Anavuta vitasa. Mtu anayejua anachotafuta. Mwishowe wakaingia sebuleni, chini yangu kabisa. Kwenye ufa mmoja wa triplex niliwaona wote wawili.

"Mama, pale juu naona maji ilipita."

"Ile ni ya zamani," shangazi akajibu. "Mutoto yetu alitengeneza manjanja yote wiki iliyopita. Iko fundi kabisa!"

(Masikini, aliamini.)

"Huyo fundi iko wapi? Nataka kumuuliza mwenyewe."

"Ametoka kidogo. Ameenda sokoni."

"Bon, sawa. Namba yake ninayo."

Simu ilikuwa mfukoni, na mlio wa simu yangu ni jogoo. Jogoo mkubwa, wa kuamsha mtaa. (Niliuchagua mwenyewe. Ulinichekesha.)

Kokorikoooo!

Kisha Mama Bahati akauliza: "Mama, kuko kuku ndani ya plafon?"

"Ni jogoo ya jirani," shangazi akasema bila kusita. "Inapandaka huko kila siku."

Kila siku! Nikaibinya simu juu ya kaptula mpaka ikanyamaza. Nikashusha pumzi. Mama Bahati akapiga tena.

Safari hii nikaona niitoe niizime. Vidole vimejaa gudroni. Simu ikaponyoka, nikaidaka. Niliidaka vizuri sana! Ila mguu wa kulia ukaondoka kwenye mbao.

Kraaa!

Triplex ikapasuka kama biskuti, mguu ukashuka sebuleni mpaka kwenye paja, goti likachubuka. Kandambili ikaangukia sahani ya ndizi aliyowekewa mgeni. Mimi nikabaki nimepanda boriti kama mtu wa pikipiki, mguu mmoja darini, mwingine hewani. Na jogoo anawika.

Mama Bahati akausogelea ule mguu.

"Mama," akasema polepole, "jogoo yenu iko na vidole tano."

Kwa kuchanganyikiwa nikaipokea simu. "Allô?"

Na yeye akaweka yake sikioni, macho kwenye mguu. "Allô, Wilondja. Uko wapi?"

"Niko... niko karibu, mama."

"Ndiyo. Nakuona."

Shangazi akakaa sakafuni akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Jirani akaja kuuliza nini kimeanguka, nyuma yake bamama watatu wametoka kuchota maji, na ndoo zao. Wote wakaingia. Mimi nikaomba kitu kimoja tu: nguo. Kaptula ilikuwa imemaliza kazi yake. Mama Bahati akafungua furushi lake la biashara, akanirushia kitenge kupitia tundu. Maua makubwa mekundu. Nikajifunga, ngazi ikarudishwa, Mama Bahati akaishika mwenyewe, nikashuka.

Nilipofika chini nikasema yote bila kuulizwa. Kwamba nilidanganya. Kwamba nimeziba matundu matatu tu, mengine yako wazi. Shangazi akaacha kucheka, akanitazama. Hapo ndipo iliniuma kuliko goti.

Mama Bahati akawasha tochi ya simu, akamulika ndani ya tundu nililotoboa. Nikangoja aage kama wale wawili.

"Hizi mbao nani aliweka?"

"Baba. Alizichagua moja moja, akazileta kwa mtumbwi."

"Mchwa hakuna hata kidogo." Akamulika tena. "Nyumba zingine walinionyesha rangi mpya tu. Hapa nimeona mpaka ndani. Nitaichukua. Lakini manjanja atengeneze fundi ya kweli." Akaninyooshea kidole. "Huyu asipande tena!"

Shangazi akaapa kwa niaba yangu.

Sasa hivi yuko kwenye simu na dada wa Lulimba, na kwa dakika kumi hajamaliza hata sentensi moja kwa kicheko. Mimi nimekaa nje, nimepaka goti dawa. Mkinikuta barabarani, nisalimieni kama mtu mzima. Atakayeshindwa kujizuia ageukie ziwani, acheke huko, akimaliza ndipo aniulize habari ya nyumbani.